Nyumba Zibaki, Watu Waende

Jumatatu, 5 mwezi wa tatu 1984

Wamekuja na rangi nyekundu. Alama kwenye kila nyumba ya mtaa wetu huku nyuma ya bandari. Nilidhani ni kubomoa. Fundi wa mipango aliyetoka Kinshasa alisema hapana: nyumba hizi za matofali ni za historia, zitalindwa. Nikafurahi. Kisha akaongeza kwamba wenyeji watahamishiwa ng'ambo ya mto, Lubunga. Nyumba zibaki, watu waende. Historia ya nani, basi?

Jumanne, 6

Célestin, ndugu ya Henri mume wangu, alikuja kula. Ndiye mkubwa wa chama hapa mtaani. Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima, tukimaliza kufagia barabara, kutakuwa mkutano wa kushauriana na raia. Nikauliza tutashauriana nini. Alisema tutaimba, tutasomewa plan, huo mpango wao, tutapiga makofi. Akaniomba ninyamaze: mimi ni mwalimu, mshahara wangu unatoka kwa serikali. Henri aliendelea kula pondu, majani yake ya mihogo.

Alhamisi, 8

Uani kwa Mama Pélagie, muuza samaki. Watu walijaa! Papa Amuri, mzee wa msikitini, alisema baba yake alizaliwa hapa na yeye haendi popote. Tukabishana sana, lakini tulipatana: tubaki, tusaidiwe kutengeneza paa, mifereji izibuliwe, soko la samaki lisiguswe. Wengine walitaka tuzomee mkutanoni. Pélagie akakataa.

"Tusipige makofi, basi. Mikono iko yetu."

Jumamosi, 10

Ngoma, nyimbo za chama, jua kali. Plan ilitundikwa ubaoni. Commissaire, mkuu wa serikali hapa, alisema mambo marefu, mwishowe akasema tupitishe kwa makofi.

Kimya.

Célestin peke yake alipiga, mara mbili, akaacha. Commissaire akarudia. Kimya tena — nilisikia bendera ikipigwa na upepo. Nikasimama.

"Citoyen commissaire, plan hii iko na nyumba, iko na miti, iko na parking ya watalii. Watu haiko nao. Tunaomba tuikalie pamoja, sisi na ninyi, mbele ya kuipitisha."

Akauliza mimi ni nani. Nikampa jina lote, na shule ninapofundisha. Alisema nifike ofisini kwake Jumatatu, peke yangu.

Jumapili, 11

Kwenye misa Célestin hakunisalimia. Henri alisema naweza kupoteza kazi. Nilimwambia najua. Naogopa — hapa tu ndipo ninapoliandika neno hilo. Lakini kupiga makofi kwa kufukuzwa kwangu mwenyewe? Hapana. Hata wakinirudisha kulima mihogo.

Mchana Henri alitia makaa kwenye pasi, akanyoosha liputa, kitenge changu cha misa, polepole, pindo kwa pindo. Kisha akasema na yeye atakuja ofisini.

Jumatatu, 12

Ofisini. Naandika juu ya goti, nimekaa kwenye benchi ya baraza. Sikuja peke yangu. Henri yuko. Papa Amuri yuko, na kofia yake nyeupe. Pélagie ameacha samaki wake, na nyuma yake wanawake wa soko mpaka kwenye ngazi. Askari alisema mwalimu aingie peke yake. Nikamjibu bila kusimama:

"Plan iko ya wote. Tunaingia wote, ao tunabaki hapa wote."

Askari ameingia kuuliza. Tunasikia sauti ya commissaire, kali. Halafu ya yule fundi wa Kinshasa, ya chini, ikisema kwamba mezani nafasi ipo. Bon. Sasa viti vinaburutwa — vya kutukalisha, au wanainuka kututoa, sijui. Mlango bado umefungwa.

Célestin amefika. Amesimama kwenye geti, haingii, haondoki. Haniangalii. Pélagie anasogea kwenye benchi, anamwachia nafasi.