Bibi Harusi wa Kwenye Shuka

Mwanangu Yustina,

Marahaba, maana najua ungenisalimu. Unakula vizuri? Bibi yako ninayemuuguza hapa Ifakara analala kutwa, nami nala wali na perege peke yangu, hakuna wa kugombania nami kichwa cha samaki.

Jana lilikuja gari la sinema. Wakatundika shuka uwanjani, wanaume mbele, sisi wanawake nyuma ya shuka. Kwenye picha, bibi harusi akavua shela mbele ya baba yake, akaitupa chini, akatoka. Mwenye kipaza sauti akatutafsiria, "Anasema, nimekubali, baba." Mama mmoja akadakia, "Amekubali wapi na mlango kaubamiza!" Tulicheka, lakini njiani nilirudi nalia.

Baba yako naye anasema umemkubali yule mzee wa Michenga. Mimi nilikuona jikoni ukifuta macho, mwanangu, na haukuwa moshi. Ile kanga ya mkaja waliyoniletea watu wake, fungu la mama wa binti katika mahari, sijaivaa. Nikitoka huku nitapitia Michenga niwarudishie mwenyewe.

Ujifunike, kikohozi kisirudi. Kadi hii haina bahasha. Baba yako akitaka kuisoma, asome.

Mama yako