Sanduku la Unyago na Karatasi ya Shefe

Mocímboa da Praia, 12 Agosti 2025

Kwa mdogo wangu Chamsudine,

Asalaam alaykum. Mwili wangu mzima, alhamdulillahi, ila moyo sijui niuseme vipi. Wewe na mkeo Zaida mmeamkaje huko Pemba? Mguu wake umepoa? Barua hii nampa Anli anayepeleka samaki huko, maana simu huku haishiki tangu wiki iliyopita.

Kaa kitako kwanza. Mwanao Jamaldine amekamatwa. Yuko hai, nimemwona kwa macho yangu, na wali niliompelekea amekula.

Ilikuwa juzi. Wasichana wa kijiji cha Nhica wanaingia unyagoni mwezi huu, na kungwi wao ni mimi. Jamaldine akasema, "Shangazi, nitakupeleka mwenyewe." Tukatoka baada ya alfajiri, sanduku la unyago nyuma ya gari lake la abiria, kufuli limefungwa, ufunguo kiunoni mwangu. Kwenye kontrolo, kizuizi cha barabarani, polisi wakatusimamisha. Karta ya udereva akatoa, karatasi za gari akatoa, zote zimetimia. Shefe wao, mkubwa wa hapo, akazunguka nyuma, akaligonga sanduku kwa kiganja.

"Mama, humu mna nini?"

"Vitu vya wanawake, mwanangu."

"Wanawake gani hao wenye kufuli kubwa hivi? Fungua."

Nikamwambia nimekula kiapo, mwanamume haoni. Mlete askari mwanamke, nitamfungulia hapa hapa barabarani. Akasema, "Mwanamke leo hayupo, bibi. Leo mwanamke ni mimi." Wenzake walicheka hadi mmoja akashika gari asianguke. Wakaleta chuma wavunje. Jamaldine akakaa juu ya sanduku. "La shangazi yangu hili, na kasema hapana." Hakusema zaidi, wallahi. Wakamshusha kwa kola, shati likachanika. Wakamchukua yeye na sanduku, mimi wakaniacha barabarani na kikapu changu.

Chamsudine, sikiliza. Hawa ndio askari niliowapikia uji tuliporudi kutoka kukimbia vita! Wewe unafanya kazi mahakamani. Waulize wakubwa: wanaruhusiwa?

Dada yako,
Alima


Pemba, 15 Agosti 2025

Shikamoo dada,

Sisi wazima, mguu wa Zaida umepoa, lakini hatuli. Barua niliisoma nimesimama mlangoni, na Zaida akapiga ukelele kabla sijamaliza, kwa kuuona uso wangu tu.

Nitasema lililo moyoni, unisamehe. Ufunguo uko kiunoni mwako na mwanangu yuko ndani. Sanduku lina nini hata lilingane na mtoto? Niambie mimi, tumbo moja na wewe, nijue la kumweleza wakili.

Maana kazi yangu hapa ni kufagia na kubeba mafaili tu, ila yuko wakili mmoja, Leonel, hunisalimia kila asubuhi. Nikamweleza. Anasema kutazama karta na karatasi za gari ni haki yao. Mzigo wa abiria uliofungwa ni jambo jingine: wawe na sababu wanayoweza kuitaja, au karatasi ya hakimu, au mwenyewe akubali. Anasema huko kwetu, kwa ajili ya vita, sababu hawakosi. Lakini hata hivyo unafunguliwa mwenyewe akiwapo. Na kumtaka askari mwanamke hukukosea.

Neno la mwisho alilirudia mara mbili: usitie saini jambo ambalo halikutokea.

Dada, nitolee mwanangu.

Mdogo wako,
Chamsudine


Mocímboa da Praia, 19 Agosti 2025

Kwa mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie Zaida asilie tena: Jamaldine yuko kwangu, amekwisha kuoga, amelala. Mbavu zinamuuma ila anapumua vizuri. Vya sandukuni sitakuambia hata leo. Haya mengine soma polepole.

Barua yako ilifika juzi. Jana asubuhi nikaenda kituoni nimekwisha kuamua kufungua, na kutubu nimetubu mapema. Shefe akanipa kiti. Sanduku mezani, kufuli langu vile vile. Nikatoa ufunguo. Askari mmoja akageukia ukuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Ndipo nikaona bawaba za nyuma: misumari mipya. Nikafungua. Kitambaa ninachofunika juu kiko chini, na kitu kimoja kimevunjika.

"Mmefungua lini?"

"Siku ile ile, mama. Tukaona ni michezo yenu tu."

Siku ile ile! Walijua hamna bunduki wala bangi, na mwanao wakamlaza sakafuni siku nane. Nikauliza, basi mlimshikia nini? Akatoa karatasi ya Kireno, akanisomea: mimi Alima nimefungua sanduku kwa hiari yangu, mbele ya polisi, tarehe kumi. "Tia saini, umchukue mtoto wako. Usipotia, utamletea wali mpaka uchoke."

Kwa Mungu saini ya uongo ni ushahidi wa uongo. Na Jamaldine namsikia anakohoa chumba cha pili. Kalamu nikaishika bila kuandika. Shefe akadhani sijui kuandika.

"Hata dole gumba linatosha, mama."

"Kuandika najua, ila kwa herufi zetu za chuoni, za Kiarabu."

"Haya, weka hizo hizo."

Nikaandika kwa herufi hizi ninazokuandikia siku zote: "Sikufungua mimi. Walifungua wao, mimi nikiwa sipo. Alima binti Suleimane." Akatazama, akasema, "Jina lako refu, mama." Akagonga muhuri, nakala akanipa. Naitia ndani ya bahasha hii.

Wanawake wa Nhica wamesema vilivyoonwa haviingii unyagoni. Tumevichoma vyote. Wasichana watangoja mwakani. Miaka ishirini na mbili ya ukungwi wangu, Chamsudine, haijatokea.

Dada yako,
Alima


Pemba, 24 Agosti 2025

Shikamoo dada,

Nakuomba radhi kwa barua yangu ya kwanza. Zaida anakubusu mikono.

Karatasi nimeisoma. Nikamsomea Leonel. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena, naye akaandika Kireno pembeni. Anasema inafaa kwenda kwa mwendesha mashtaka, ina muhuri wao wenyewe. Lakini hapo ndipo ninapoogopa. Ikifika huko, shefe atajua alichokigongea muhuri, na Jamaldine anapata riziki kwa barabara ile, anapita pale kila siku. Hata nikiwa babake siwezi kuamua peke yangu. Nipeleke au niichane?

Mdogo wako,
Chamsudine


Mocímboa da Praia, 28 Agosti 2025

Kwa mdogo wangu,

Sote wazima, alhamdulillahi. Barua yako ameisoma Jamaldine mwenyewe, kwa sauti. Akasema, "Mwambie baba apeleke. Nikifika pale nasimama, natoa karta, natoa karatasi za gari. Zaidi ya hapo waniambie sababu."

Peleka.

Jumatatu anabeba abiria wa Palma. Nimemwambia kiti cha mbele asimpe mtu, nakaa mimi.

Dada yako,
Alima