Cheti Ukutani, Mashine Chini ya Shuka

Mshauri wangu, shikamoo, nakuandikia maji yakiwa yamenifika shingoni. Mimi ni fundi wa vifaa vya hospitali, na mwaka jana nchi moja, ambayo enzi za wazazi wetu ilikuwa ikipokea misaada kama sisi na sasa imeinuka inatoa, ilituletea mashine nne za kuwatunzia joto watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, nami nikapelekwa huko kujifunza wiki tatu, na mwalimu alikuwa mpole, ananimiminia chai, akimaliza kueleza kwa lugha yao nisiyoijua ananitazama, nami kwa kuona haya kumsumbua mwenyeji mkarimu vile nikawa naitikia tu kwa kichwa, mpaka nikapewa cheti ambacho mke wangu amekitundika sebuleni. Mashine zimefunikwa shuka miezi minane, nikiulizwa nasema kuna kifaa tunakisubiri, na sasa wafadhili hao wanakuja Alhamisi, mganga mkuu anataka kitoto kizima cha wiki moja kilazwe humo, mashine iwashwe, wapige picha, "Hawa ni wafadhili wapya, fundi, usije ukatutia aibu," na mama mtoto kaniambia, "Maadamu upo wewe, kaka, mimi sina wasiwasi." Kuwasha najua. Kupunguza joto sijui. Nifanyeje?

Fundi Mwenye Cheti

Marahaba, fundi.

Nilikuonea huruma mpaka nilipofika kwa huyo mtoto, hapo huruma ikaniisha. Ya wiki tatu ilikuwa ni kuona haya. Ya miezi minane ni uongo, na watoto waliolihitaji joto lile wamepita mbele ya shuka hilo.

Unaogopa kuwaudhi wageni. Hebu fikiri. Aliyepokea jana hasahau upesi, na sidhani kama kwao hakukuwa na stoo yenye mashine ya mfadhili iliyooza kwa sababu watu waliona haya kuuliza. Hao ndio wa kuambiwa! Na wao wana lao la kujibu: unampaje mtu cheti hujamwona akigusa hata kitufe?

Mficha uchi hazai, nawe jirani yako ni wodi ya wazazi, nisikufundishe. Kesho asubuhi ingia kwa mganga mkuu, mweleze yote. Wageni waonyeshwe mashine tupu, waombwe fundi wao aje akae mwezi mzima, yeye asimame nyuma, wewe ubonyeze. Cheti kishushe mwenyewe, mkeo asije akayasikia kwa majirani.

Hayo ni ya kesho. Leo hii nenda wodini ukamwambie yule mama, "Dada, sijui kuitumia." Atakasirika. Mwache akasirike, mtoto akiwa mikononi mwake.