Si Baba Yako Aliyekata Uzi

Dundori,
Nakuru.
12 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Jeff,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi ya Dundori. Natumaini wewe, Natalie na watoto hamjambo huko Kanada. Mimi si mzima. Figo zimekataa kazi, na daktari ameacha kunidanganya. Naandika mistari michache, napumzika, naendelea.

Picha ya yule samaki wa huko kwenu, wolai, nimeiona. Mnene kweli. Nilifurahi uliposimulia alivyokuvuta hadi mikono ikafa ganzi. Kisha nikafika pale ulipoandika, "Sikukata uzi kama Mzee," nikaitupa barua sakafuni. Usimcheke baba yako tena! Kosa si lako, ni langu, na ndilo linalonichoma.

Siku ile, mwaka 1986, tulikuwa wawili tu kwenye Mto Malewa, mimi na mdogo wangu Hiram, baba yako. Samaki aina ya trauti akashika ndoana yake. Jeff, fimbo ya kuvulia ilipinda hadi ncha ikagusa maji, rili, kile kigurudumu cha uzi, ikalia, na Hiram akacheka kwa sauti. Alijua kazi yake. Alimwachia samaki uzi, akamrudisha, akamwachia tena. Mara mbili samaki aliruka juu ya maji, tukamwona ubavu wote. Nilirukaruka ukingoni kana kwamba ni mimi niliyemshika.

Lakini mimi nilizoea kuvua kwa kamba ya katani, ambapo samaki huvutwa mara moja kwa nguvu. Alipokimbilia chini ya mawe, nikadhani anatoroka.

"Mwachie, Wanyoike! Mwachie achoke!"

"Anaenda huyo!"

Nikaushika uzi kwa mkono. Ukakatika.

Tulipofika madukani, wanaume wakauliza samaki yuko wapi. Nikasema, "Muulizeni huyu, amekata uzi." Wakaangua kicheko. Hiram akanyamaza. Tangu hapo akawa Kata Uzi: sokoni, kwenye foleni ya maziwa, kila mahali. Hata kwenye mazishi yake mzee wa kanisa alilitaja jina hilo, waombolezaji wakacheka, nami nikacheka nao mbele ya jeneza. Nikikumbuka meno yangu siku ile natamani kuyang'oa.

Jumatatu nilimwita mama yako, nikamweleza yote. Rahab aliendelea kumenya viazi.

"Mwalimu," akasema, "hayo aliniambia siku ile ile."

Nikamuuliza kwa nini basi Hiram hakunitaja.

"Alisema, 'Yeye ndiye anayesimama mbele ya darasa. Mimi nitachekwa na ng'ombe tu.'"

Nilimfokea mama yako, Jeff, kwa sababu marehemu siwezi kumfokea. Nani alimwomba anibebe miaka yote hiyo? Angenitukana pale pale mtoni, tupigane, yaishe! Sasa sina wa kumwomba msamaha ila wewe, na sitaki unihurumie. Waambie watoto wako kwamba babu yao alijua kumchosha samaki. Aliyeharibu ni mimi. Nitaje kwa jina.

Jumapili nitabebwa kwa kiti hadi kanisani, niyaseme mwenyewe mbele ya wale waliocheka. Ikiwa nitafika Jumapili.

Wasalimie Natalie na watoto, hasa Shiko mdogo. Mama yako na shangazi yako Wangare wanawasalimu. Mungu awalinde huko ugenini, na awape watoto wako moyo wa Hiram.

Wako akupendaye, hata kwa hasira hii,
Baba yako mkubwa,
Wanyoike