Herrera kwa Baba, Herrera kwa Mama

Mjukuu wangu Nafula,

Huku Shirere tu wazima. Mahindi yamekomaa, na babu yako bado anabishana na redio. Uliuliza kama atamkubali mchumba wako wa Hispania. Nilipomsomea barua yako, kwamba jina lake la ukoo ni Herrera kwa baba na Herrera kwa mama, aliangusha kijiko. "Wazazi wake ni ukoo mmoja! Haiwezekani! Watu wa ukoo mmoja hawaoani!"

Nikaendelea kusoma: Herrera maana yake ni mahali pa kufulia chuma, na zamani wahunzi walikuwa kila upande huko, ndiyo maana jina limejaa Hispania hadi Meksiko kwa watu wasio na undugu wowote.

"Kumbe ni kazi, si damu," akasema, akaomba kijiko kingine.

Nilicheka, nikakumbuka aliponiomba tucheze kwenye harusi kule Ekero, tukiwa vijana. Shangazi yangu alimvuta kando, akamuuliza ukoo wa baba, wa mama, na wa nyanya zake wote, ahakikishe hatuna undugu. Alijibu vizuri, lakini muziki ulikuwa umekwisha. Kwa alivyovumilia yale maswali, nilimpenda papo hapo.

Mlete. Shangazi zako watamhoji vivyo hivyo, mwambie asikasirike. Na siku ya harusi yenu, muziki ukianza tu, mimi na babu yako tutacheza kabla mtu hajatuuliza chochote.

Ni mimi nyanya yako, kukhu wako.