Mama Mkwe Kavaa Suruali ya Kubana

Shoga, acha unachofanya usome hii!!

Leo jimu nimemwambia kocha nataka mgongo mpana, wenye nguvu. Akasema niachane na vile vyuma vidogo vya mikono, nichague: kujivuta juu kwenye bomba, au kuinama nivute chuma kizito hadi tumboni.

Nikachagua bomba. Nikaning'inia kama nguo kwenye kamba, sipandi, sishuki. Nyuma yangu sauti ikasema, "Shuka mwanangu, utang'oa dari."

MAMA MKWE! Kavaa suruali ya kubana! Yule yule anayesema mwanamke mwenye misuli hukimbiwa na mume!

Nikamuuliza, "Mama, si ulisema unakwenda kliniki?"

"Na wewe si uko kwenye mafunzo ya ushonaji?"

Kocha alicheka hadi akakaa chini.

Mama akainama, mgongo umenyooka kama meza, akavuta chuma kama anavuta kiti. Shoga, mabega yale! "Anza na hii," akaniambia. "Bomba tutalifikia. Na tukifika nyumbani, huku hatujaonana."

Sasa hivi yuko jikoni kwangu anamlalamikia mwanawe eti mkewe mvivu, hata sufuria hainui. Ananisema huku ananikonyeza!