Kigoda Ulichokalia Mlangoni

Mpendwa mama,

Mzee Wandera, mwimbaji wa ukoo, amesema leo asubuhi kwamba atakuimbia Jumamosi kwenye kumbukumbu yako. Alikuwa amekataa mara mbili. Sharti lake ni moja: nimletee kigoda chako.

Nilimkuta kwake Bukhayo akikaza nyuzi za litungu. Unajua anavyohoji, kama karani wa mahakama.

"Mama yako alipigana wapi?"

"Mlangoni kwake."

"Silaha?"

"Hakuwa nayo. Alikuwa amekaa, anamenya njugu."

"Kijana, wimbo wa shujaa hauanzi na mtu aliyekaa."

Nikamweleza niliyoyaona nikiwa darasa la pili. Baba alikuwa ameshazikwa. Wazee walikuja kukurithisha kwa baba mdogo, kama desturi ilivyotaka. Ukawaambia umebatizwa, na mume wako ni yule aliyelala nyuma ya nyumba. Baba mdogo akacheka. Alijua kwamba kwa desturi, bila yeye hakuna mwanamume wa ukoo ambaye angegusa paa lako.

"Shemeji, mvua haijui kusali," akasema.

"Mimi najua," ukamjibu, bila kuinuka.

Hawakukupiga. Waliondoka tu, na hakuna aliyerudi, hata wakati wa palizi. Nyasi za paa zikaoza. Kila msimu wa mvua tulihamisha kitanda, na wewe ukiimba ule wimbo wa babu wa ukoo aliyevuka Mto Sio peke yake, na mkuki mmoja, akarudisha ng'ombe walioibwa. Siku moja nilikuuliza kama aliogopa.

"Wimbo hausemi."

"Na wewe?"

"Mimi naogopa kila wingu likitanda. Sogeza hiyo sufuria, inajaa."

Nayafikiria hayo hapa Malaba, katika chumba changu kando ya reli, ambako jioni husikii ila mabehewa ya mizigo. Tangu Uhuru nimeandika habari za mashujaa wengi, na karibu wote walikuwa na watu wa kuwatazama. Yule wa Mto Sio alingojwa ukingoni na kijiji kizima, na kabla ya jua kuzama kazi yake ilikuwa imekwisha. Wewe ulianza upya kila masika. Mungu uliyesema anakutazama hukuwahi kumwona. Wakati ule sikuwa na hakika kama yupo, na hata sasa sina. Lakini nilikuona ukipiga magoti kwenye udongo uliolowa, kisha ukiinuka kwenda shambani peke yako. Hilo naweza kulithibitisha.

Mabati niliyoyanunua nilipopata kazi hayavuji. Siku hizi nikija nyumbani kulala chini yake, nyumba ni kavu na hakuna anayeniambia nisogeze kitu.

Mzee Wandera alisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza jambo moja tu, kama siku ile kweli hukuinuka. Nikasema hukuinuka.

"Nimeimba nimesimama tangu ujana wangu," akasema. "Huyu nitamwimba nimekaa."

Baba mdogo ametuma neno kwamba atakuja. Nitashuka Busia Ijumaa kwa basi la mchana, nipanguse kigoda na kukiweka mlangoni, pale pale. Ibada ni Jumamosi saa nne, na wimbo utafuata.

Ni mimi, mwanao wa pekee.